Kifungo cha Chini

Kabla hakujapambazuka nilisikia vifungo vikimiminwa kwenye sinia la bati. Ni sauti ndogo, kama mvua iliyotaka kunyesha kisha ikaghairi. Nikajua mjukuu wangu ameamka, na nikajua pia kwamba hakulala vizuri, maana mtu aliyelala vizuri hachambui vifungo saa hizo.

Nilijitupia shuka mabegani nikaenda kumwona. Chumba chake cha kushonea ni kile cha nyuma, kilichokuwa stoo ya baba yake, yaani mwanangu. Ana cherehani mbili, pasi, na meza ya kukatia iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani; tundu la kitasa bado lipo, na humo ndimo anamochomeka mkasi. Magauni yaliyokamilika yalikuwa yananing'inia kwenye waya kutoka ukuta hadi ukuta. Mwenyewe alikuwa amekaa sakafuni chini ya taa, akitenga vifungo vyekundu.

"Shikamoo bibi. Nimekuamsha?"

"Marahaba. Uzee ndio ulioniamsha, wewe umenisindikiza tu."

Akatabasamu, lakini kwa mdomo peke yake. Tunamwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi aliyozaliwa nayo kando ya pua. Akiwa na furaha, alama hiyo hupanda. Asubuhi ile ilikuwa imetulia pale pale.

Niseme kidogo kuhusu kazi yake. Kidoti hashoni nguo kama mafundi wengine wa mtaani, wanaosubiri mteja alete kitambaa. Anabuni mwenyewe, anashona, anapiga picha, kisha anaweka kwenye simu pamoja na maneno. Kila gauni lake lina kifungo kimoja kisichofanana na wenzake. Vinane vyeupe, kimoja chekundu, hapo kifuani. Hiyo ndiyo alama yake, na biashara ameipa jina hilo hilo, Kifungo Kimoja. Wazo alilipata kwenye gauni langu la bluu la zamani, lile nililokuwa navaa nilipokuwa nafanya kazi kwenye tanuri la mikate. Lina kifungo kimoja cha ajabu. Alilipiga picha, akaandika chini yake, na watu wakapenda. Yale maneno aliyoandika sikuwahi kuyasoma. Simu yangu mimi ni ya kupiga na kupokea.

"Bibi," akasema, "Mwenye Duka anakuja Ijumaa."

Huyo Mwenye Duka ni mama mmoja mwenye duka kubwa la nguo kule mjini. Kidoti alikuwa akimngoja kwa muda mrefu. Na kungoja huko kulikuwa na sababu: baba yake alikwisha sema kwamba akipata duka moja tu la kuchukua nguo zake, chumba ni chake moja kwa moja. Asipopata, cherehani zitoke, stoo irudi kuwa stoo, na yeye akaanze kazi ya karani aliyotafutiwa. Mwanangu si mkali. Ni mtu wa kutaka kuona kitu kwa macho.

"Sasa si ndiyo furaha hiyo?" nikamwambia. "Mbona uso kama wa mtu aliyemeza pini?"

"Anataka kukusikia wewe. Anataka usimulie mwenyewe ile hadithi ya kifungo, akurekodi, aioneshe dukani."

"Hadithi gani?"

Kisha akachukua simu, akasoma polepole kama mtoto anayesomea mbele ya mwalimu.

"'Bibi yangu alikuwa fukara. Siku moja kifungo cha gauni lake la pekee kilidondoka, na hakuwa na hata senti ya kununua kingine. Akaokota kifungo barabarani, akakishona huku machozi yakimtoka…'"

"Yakimtoka nani?"

"Wewe, bibi."

"Mimi nililia kwa ajili ya kifungo?"

"Kidogo."

"Na gauni la pekee! Babu yako alikuwa akitafuta shati lake kabatini kama mtu anayetafuta njia msituni, kwa wingi wa magauni yangu."

Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Niliponyanyua macho nikaona yeye hacheki. Alikuwa anakizungusha kifungo chekundu kati ya vidole, kinaenda, kinarudi.

"Nilidhani ndivyo ilivyokuwa," akasema. "Nilipokuwa mdogo nilikuuliza, ukanijibu ndivyo kilivyo. Basi nikajazia mwenyewe. Kila walipouliza zaidi, nikatia chumvi zaidi."

"Usilie. Nisije nikaandikiwa na machozi yako."

Hapo akacheka, kidogo.

"Sasa ukweli ni upi, bibi?"

Sikujua. Gauni nililolivaa miaka na miaka, nimelifua, nimelianika, nimelipiga pasi, sikuwahi kujiuliza kile kifungo kilifikaje pale. Nikahisi kama mtu aliyeulizwa rangi ya mlango wa nyumba yake mwenyewe akakosa la kusema.

Tulilitoa sandukuni. Kukapambazuka tukiwa dirishani, vichwa vimegusana juu ya lile gauni. Vifungo vyote vilikuwa vyeupe na laini, isipokuwa cha chini kabisa, kile cha karibu na magoti. Kilikuwa cha mti, rangi ya chai, kimejaa mikwaruzo iliyopishana. Mimi siku zote nilidhani ni meno ya panya, au ya baba yake Kidoti alipokuwa anaota meno.

"Panya hatafuni kwa mistari iliyonyooka hivi," Kidoti akasema. Macho yake yalikuwa yameanza kung'aa. "Nani alikushonea?"

"Mama Pini."

Huyo naye ilibidi nimweleze. Alikuwa fundi wa wanawake wengi wa mtaa wetu wa zamani. Jina lake la kweli wachache walilijua. Siku zote alikuwa na pini mdomoni, amezibana kwa midomo, na kwa hiyo hasemi. Ukimuuliza gauni litakuwa tayari lini, anakwambia mm. Ilikuwepo mm ya ndiyo, mm ya hapana, mm ya geuka, na mm ya umenenepa tangu tulipoonana. Tulizijua zote. Lakini mazungumzo, hapana.

"Yuko hai?"

"Sijui, mama. Lakini nikikaa hapa sitajua."

Kisha nikamuuliza, kwa sababu nilitaka asikie sauti yake mwenyewe ikijibu: "Na kama hatumpati? Nisimulie ile yako?"

"Unaweza kusema ulilia?"

"Kusema naweza. Ila Mwenye Duka akiniuliza nilikiokota barabara gani, nitakuangalia wewe."

Akavaa viatu.

Kile kibanda cha Mama Pini sasa ni cha kinyozi. Kioo kikubwa kimesimama pale alipokuwa akiweka cherehani. Kijana kinyozi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Upande mmoja umenyolewa, upande mmoja bado msitu. Nikamweleza tunamtafuta nani.

"Yule bibi anayeongea sana?" akauliza.

"Hapana," nikasema. "Haongei kabisa."

"Basi labda ni wawili. Wa kwetu anaongea. Alikuwa fundi hapa, anakaa kwa binti yake, nyuma ya zahanati. Lakini njia ya mbele ina ngazi nyingi, bibi, wewe utachoka." Akamgeukia mteja wake. "Kaka, nipe dakika niwapitishe uchochoroni."

"Nenda tu, mpeleke bibi," mteja akasema na kichwa chake cha nusu. "Nikitoka hivi nitaenda wapi?"

Kinyozi akatupeleka mpaka mlangoni pa nyumba yenyewe, kitambaa cha kazi kikiwa bado begani, akiniondolea mawe njiani kwa ncha ya kiatu chake. Sikumjua jina. Mwendo wake wa polepole, wa kuningoja bila kuonesha kwamba ananingoja, bado naukumbuka.

Sauti tuliisikia kabla ya mlango kufunguliwa. "Ingieni, ingieni, viti hivyo hapo, hicho cha kijani msikikalie kina mguu mbovu, binti yangu anasema atakitengeneza, anasema, anasema, karibuni, mmetoka mbali?"

Alikuwa amekaa karibu na dirisha, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, midomo yake mitupu. Binti yake, mwanamke mkubwa mwenye uso wa uvumilivu, akatuletea maji na kutunong'oneza: "Tangu aache kushona hajanyamaza. Tunapokea maneno ya miaka yote kwa pamoja."

"Nakusikia," akasema Mama Pini. Kisha akanitazama, si usoni. Alitazama mabega. "Simama. Geuka. Bega la kulia liko chini. Wewe ni wa tanuri la mikate! Ulibeba matrei upande huo. Nilikuwa nakuongezea kitambaa kidogo kulia ili pindo likae sawa, wewe ukadhani umenyooka kama mlingoti."

"Hukuwahi kuniambia!"

"Ningekuambiaje, na pini zile? Ningezimeza."

Kidoti akamwekea gauni la bluu mapajani. Mkono wa Mama Pini haukutafuta. Ulishuka moja kwa moja mpaka kifungo cha chini, kidole gumba kikapita juu ya mikwaruzo.

"Hiki nimekitengeneza kwa mkono wangu. Nilikata kipande cha mpini wa ufagio, nikakitoboa, nikakikwaruza kwa msumari."

"Kwa nini?" tukauliza wote wawili, kama tuliopanga.

Akajiweka sawa kitini. Ilionekana amelisubiri swali hilo muda mrefu, na sasa hana haraka nalo.

"Wewe," akaninyooshea kidole, "ulikuja kwangu asubuhi moja umetoka zamu, unataka kupimwa gauni jipya. Ulilokuwa umevaa, vifungo vimepishana. Cha juu kimeingia tundu la pili, na kuendelea hivyo mpaka chini, kola imepanda sikioni. Zamu nzima ulikuwa umefanya kazi hivyo. Nikakuonesha, ukacheka. Ukasema unavaa gizani. Mtoto wako analala usingizi wa paka, ukiwasha taa anaamka, akiamka analia, na mama mkwe naye anaamka. Ukasema wenzako kazini wanakuita Kombo. Ulicheka, lakini nilikuwa nimekushika mgongo na tepu, nikahisi pumzi yako haicheki."

Nilikuwa nimesahau. Kombo! Hata lile jina nilikuwa nimelisahau kabisa, na sasa lilirudi na harufu ya hamira na sauti ya matrei.

"Nikawaza. Taa hawezi kuwasha, lakini vidole haviamshi mtu. Ukianzia juu, kuna kola, vidole vinapotea. Ukianzia chini, pindo linakuongoza. Basi kwenye gauni hili nikaweka kifungo cha kukwaruza pale chini, na tundu lake nikalizungushia uzi mnene. Kidole kikigusa, kinajua hapa ndipo mwanzo. Ukapanda juu, kimoja kimoja. Ukaacha kuja kombo. Nikawashonea na wengine, wale wa zamu za alfajiri. Wafagiaji, wauguzi, na yule aliyekuwa akiuza uji stendi. Hakuna aliyeniuliza."

Nilitazama mikono yangu. Asubuhi zote zile, vidole hivi vilikwenda chini vikaanzia pale, na mimi sikuwahi kujua kwamba kuna mtu aliyeviwekea njia. Nikamshika mkono. Nikasema asante, nikasema tena. Akanipungia kama anayefukuza nzi, lakini mkono wake wa pili hakuutoa kwenye wangu.

Kidoti akatoa mkobani gauni lake moja, lililokunjwa vizuri, akamkabidhi. Mama Pini akapapasa mshono, akageuza ndani nje, akavuta pindo, akaridhika. Akafika kwenye kifungo chekundu cha kifuani.

"Kizuri. Kinafanya kazi gani?"

"Kinaonekana," Kidoti akasema.

"Mm," akasema Mama Pini.

Ilikuwa mm yake ya kwanza siku ile. Mimi niliijua ni ipi. Nadhani na Kidoti aliijua.

Tulipofika nyumbani akashusha gauni la kwanza kwenye waya, akachukua kiwembe cha kufumulia, na uzi wa kifungo chekundu ukakatika, tik.

"Yote?" nikauliza.

"Yote, bibi. Niliiga kitu bila kujua kinasema nini, halafu nikakiweka mahali ambapo hakisemi chochote."

"Na Mwenye Duka alipenda chekundu."

"Najua."

Seremala wa jirani alitukatia vipande vya mti kutoka kwenye fimbo moja ndefu, akavilainisha kingo asije mtu akachanika. Mimi nikapewa msumari nikwaruze. Ni kazi nzuri kwa mtu mzima. Unakaa, unakwaruza, unawaza. Mwanangu alirudi kutoka kazini akakuta sakafu nzima imetapakaa vifungo vyekundu na binti yake anafumua magauni yaliyokwisha kukamilika.

"Unashona kurudi nyuma siku hizi?" akauliza.

"Nilikosea, baba. Narekebisha."

Akasimama mlangoni kidogo, akiitazama stoo yake. Akakunja suruali, akapiga magoti, akaanza kuokota vifungo vyekundu kimoja kimoja na kuvitia kwenye kopo, asije binti yake akavikanyaga. Mimi nikaendelea kukwaruza kama sijaona.

Ijumaa Mwenye Duka akaja. Mwanamke mchangamfu, miwani juu ya kichwa na nyingine usoni, anaongea huku anatembea. Akanisalimia kwa heshima zote, akaniuliza habari za miguu kabla ya habari za kazi. Kisha akageukia waya wa magauni, akasita.

"Kifungo chekundu kiko wapi? Ndicho nilichokifuata."

Kidoti alikuwa amejipanga, najua, kwa sababu nilimsikia akijipanga bafuni. Lakini maneno yaliyomtoka hayakuwa yale ya bafuni.

"Nimekitoa. Na ile hadithi niliyoandika haikuwa kweli. Bibi hakuokota kifungo wala hakulia. Nilibuni. Leo nimeifuta, na nimewaandikia walionunua kwamba wakitaka, walete magauni niwabadilishie."

Mwenye Duka akashusha miwani. "Binti, ile hadithi ndiyo inayouza. Watu wanapenda machozi kidogo."

"Naelewa. Ninayo nyingine. Lakini hii huisomi, unaivaa."

Akachomoa chini ya meza gauni moja la zamani aliloliacha makusudi na kifungo chekundu, akampa alivalie juu ya nguo zake. Akafunga dirisha, akavuta pazia, akazima taa. Chumba kikawa cheusi tii.

"Funga vifungo," ikasema sauti ya Kidoti.

"Mnanifanyia nini nyie!" Tukamsikia akihangaika, akicheka, akisonya. Taa ilipowashwa kola ilikuwa imepanda sikioni. Nikashindwa kujizuia.

"Kombo," nikasema.

Akapewa la pili, lenye kifungo cha chini. Kidoti akamwambia jambo moja tu, aanzie pale vidole vitakapokwaruzwa. Taa ikazimwa. Safari hii hakucheka. Ilisikika ile sauti ndogo ya vifungo kupita kwenye matundu, kimoja, kingine, kingine. Nilijikuta nimerudi kwenye chumba changu cha zamani, mtoto amelala, mume wangu anakoroma, mimi nimesimama miguu mitupu nikivaa.

Taa ikawaka. Gauni lilikuwa limenyooka. Mwenye Duka alikuwa ameinama anakitazama kile kifungo cha mti.

"Nina mtoto mchanga," akasema. "Kila asubuhi navalia bafuni, mlango nimeufunga." Akakigusa tena. "Nani alifikiria hiki?"

Hapo ndipo nikasimulia. Nilisimulia kila kitu, pini, mm, mpini wa ufagio, na yeye akarekodi, na sikulia hata kidogo. Alipomaliza kurekodi akakuna kidevu. Alisema ukweli ni lazima aseme, chekundu kilikuwa kinaonekana vizuri kwenye picha, na hiki kipo chini, hakionekani, wateja wengine hawatakielewa. Kwa hiyo hatachukua yote aliyokusudia. Atachukua nusu, ayaweke mbele, aone.

"Na lebo iandikwe nini?" akauliza.

Kidoti alikuwa ameshaiandika kwenye kitambaa, kwa uzi wa bluu: Anzia chini. Wengine bado wamelala.

Mwenye Duka akaisoma, akaisoma tena. "Baba yake yuko wapi?" akaniuliza. "Nimwambie ana binti."

"Anajua," nikasema. Nje ya mlango nilisikia mtu akikohoa kidogo, kisha hatua zikaondoka. Tangu siku hiyo ile habari ya karani haijatajwa tena nyumbani kwetu.

Gauni la kwanza lenye lebo ile hatukulipeleka dukani. Tulilipeleka nyuma ya zahanati. Kinyozi alipotuona akatupungia wembe. Mama Pini akalivaa huku amefumba macho kwa makusudi, akianzia chini, midomo ikihesabu bila sauti, binti yake akimshika kiwiko. Akalipata sawa. Pindo lilikuwa refu kidogo kwake, kwa hiyo Kidoti akapiga magoti, akabana pini mdomoni, akaanza kulikunja pande zote.

"Sasa," akasema Mama Pini juu ya kichwa chake, "sijawaelezea habari ya yule mama wa uji, aliyetaka mfuko ndani ya mfuko. Wala ya bwana harusi aliyekuja kupimwa usiku. Nina habari mimi. Watu wamesimama mbele yangu miaka yote, wanaongea, na mimi nimeziba mdomo, nyote mlidhani sisikii? Ninazo za magauni mia. Lakini leo mtaondoka, naona bibi yako anatafuta mkoba wake. Mtakuja tena?"

"Mm," Kidoti akajibu kutoka chini, pini zikimetameta.

"Hiyo mm mimi siijui, nimezitengeneza nyingine zote. Toa pini, mwanangu, useme kwa mdomo. Mje hata bila nguo ya kupima. Mtakuja tena?"